Kutoa Spea Dar Hadi Malindi kwa Njia ya Horohoro na Lunga Lunga

Gari za Malindi huliwa na chumvi. Kusi ikishika haina huruma na chesisi wala paipu za breki, na fundi akilala chini ya gari huamka na vumbi la kutu usoni. Ndiyo sababu gereji zetu za Majengo na Barani hazikosi kazi, na ndiyo sababu baadhi yetu tumeshazoea safari ya Dar es Salaam kutafuta spea.

Kwa nini Dar, na Mombasa iko hapo karibu? Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Tanzania gari kuukuu huingia, ila hulipishwa zaidi kwa uzee wake. Kwa hiyo huko bado zinatembea modeli ambazo kwetu zimeanza kuadimika, na maduka ya Gerezani na Kariakoo yana spea zake, mpya na za mtumba, ambazo Mombasa utazitafuta kwa tochi. Kama unachotaka ni breki padi za Probox au plagi za tuktuk, usijisumbue kuvuka mpaka. Safari hii ni ya giaboksi, silinda hedi, difu na injini nzima, yaani vitu ambavyo bei yake inabeba nauli na ushuru na bado kikabaki cha kula.

Ninamwandikia mwenye duka dogo au gereji, anayeleta mzigo wa kutia kwenye buti la basi au nyuma ya pikapu. Mwenye kontena ana njia yake, na njia hiyo ni ya bandarini.

1. Piga hesabu ukiwa bado Malindi

Nimeshasikia mara nyingi barazani: "Sisi ni Afrika Mashariki, baina yetu hakuna ushuru." Maneno hayo ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayowafilisi watu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi 2005, na bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama huvuka bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha asili. Kwa mchuuzi mdogo kuna cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani bure kwa mzigo usiozidi dola 2,000, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Mama anayevuka na machungwa ya Muheza ana haki yake pale. Wewe mwenye silinda hedi huna. Silinda hedi ilitengenezwa Japani, na kuuziwa Gerezani hakuifanyi kuwa ya Tanzania. Hata kama mwenye duka aliilipia ushuru bandarini Dar, ikifika Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, inahesabiwa upya kama kitu kilichotoka nje ya Jumuiya. Jambo hili liliniuma nilipolijua, lakini afadhali likuume ukiwa na daftari mkononi kuliko ukiwa umesimama kaunta na mzigo uko chini.

Viwango vya ushuru vya pamoja vya Jumuiya, tangu Julai 2022, ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Juu ya hapo Kenya inaongeza VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli asilimia 2. Thamani inayotozwa si bei ya dukani peke yake: ni bei, na usafiri, na bima kama ipo, mpaka mzigo unapoingia nchini. Nauli uliyolipia mzigo kwenye basi imo humo.

Chukua mfano wa mzigo wenye thamani ya shilingi 100,000 za Kenya, na tuseme umeangukia kiwango cha asilimia 10. Ushuru ni 10,000. VAT inapigwa juu ya 110,000, inakuwa 17,600. Ada ya tamko ni 2,500 na ya reli 2,000. Jumla unatoa 32,100. Mzigo huohuo ukiangukia asilimia 25, ushuru ni 25,000, VAT 20,000, na zile mbili 4,500, umefika 49,500. Hapo bado wakala, bado nauli yako, bado malazi ya Tanga ukichelewa. Ukimaliza, linganisha na bei ya Mombasa. Mimi safari nyingi nimezifuta hapahapa kwenye hesabu, nikawaambia wenye gari wasubiri.

Mambo mawili madogo ya kukumbuka. Forodha ina kiwango chake cha kubadilishia fedha, nacho si kile cha kijana anayekuvizia mpakani na mabunda mkononi. Tena viwango vya kodi hubadilika mara nyingi tarehe 1 Julai, baada ya bajeti, kwa hiyo hesabu ya Juni usiifanyie safari ya Julai bila kuuliza tena.

2. Kila spea iwe na jina lake na namba yake

Hapa ndipo mafundi wengi tunapojikwaa, maana sisi tumezoea kusema "spea" tukamaliza. Forodha haina kitu kiitwacho spea. Ina kitabu cha namba, namba hizo ni moja dunia nzima kwa tarakimu 6 za mwanzo, na kila kitu kinawekwa kwa umbo na kazi yake. Kukaa ndani ya gari hakutoshi.

Vitu vya mwili wa gari, yaani breki, shokomzoba, giaboksi, difu, redieta, klachi, usukani na bampa, viko chini ya 8708. Vya pikipiki viko 8714. Tuktuk inahitaji uangalifu wa wakala, usimwachie akisie. Lakini injini nzima haiko 8708: ya petroli ni 8407, ya dizeli ni 8408, na vitu vya ndani ya injini kama pistoni na silinda hedi ni 8409. Krankshafti iko 8483. Beringi ni 8482 hata kama umeinunua kwa ajili ya gurudumu. Plagi, stata na alteneta ni 8511. Taa na honi ni 8512. Betri ni 8507. Kioo cha mbele ni 7007, saiti mira ni 7009. Chujio la oili ni 8421. Feni belti ya mpira ni 4010, tairi mpya ni 4011.

Kwa nini nakuchosha na namba? Kwa sababu kiwango cha ushuru hufuata namba, na vitu kumi vilivyo kwenye gunia moja vinaweza kuwa na viwango vitatu. Ukiandika "spea mchanganyiko", afisa hana pa kuanzia, na akikosa pa kuanzia atafungua kila kitu, au atakikadiria chote kwa namna isiyokufaa.

Kwa hiyo kaa chini uandike orodha. Kila mstari uwe na jina la kitu, gari na modeli inayokwenda nacho, namba ya spea iliyochongwa au kubandikwa na kiwanda, idadi, mpya au mtumba, nchi kilikotengenezwa, na nafasi ya bei utakayojaza Dar. Mtumie wakala wako wa forodha kabla hujapanda gari, akujazie namba za ushuru pembeni. Wakala mzuri atakuambia palepale kipi kitakutoa jasho.

3. Vitu vya kuacha huko huko

Tairi za mtumba za gari ndogo na za pikapu zimepigwa marufuku kuingizwa, kwa sheria ya forodha ya Jumuiya. Usinunue hata kama zina kashata nzuri na muuzaji anakuapia. Ukitoa rimu za mtumba, zivue tairi kwanza. Nimeona mtu ameshikiliwa mzigo mzima kwa sababu ya tairi nne zilizokuja zimevalishwa rimu.

Spea zinazogusa usalama, kama breki padi, tairi mpya na betri, zinatazamwa pia kwa viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Muulize wakala mapema kama mzigo wako unahitaji cheti cha ubora kabla ya kuvuka. Ukishafika mpakani bila cheti kinachotakiwa, siku zinakwenda na ghala linakula.

4. Karatasi zinaanzia kaunta ya duka

Ukishachagua kitu chako Gerezani, ukakikagua, mkaelewana bei, atakuja kijana wa duka na kitabu cha risiti akuulize, "Kaka, nikuandikie bei gani?" Anauliza kwa wema, anadhani anakusaidia. Mwambie, "Ile niliyokulipa."

Najua kishawishi kilivyo. Lakini tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Maafisa wa forodha wana kumbukumbu za bei za vitu vya aina hiyo vilivyopita kabla yako. Giaboksi iliyoandikwa robo ya bei inajulikana kwa macho. Wakishaikataa bei yako ya uongo, sheria inawaruhusu kushuka kwenye njia nyingine za kupata thamani: bei ya kitu kilekile kilicholetwa na mtu mwingine, halafu ya kitu kinachofanana nacho, na kuendelea. Thamani hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko bei ya kweli uliyoipata kwa kubembelezana. Umejifungia mlango wako mwenyewe, maana bei ya kweli huwezi tena kuithibitisha. Na kutoa karatasi ya uongo ni kosa lenye faini na kifungo, acha mzigo na gari iliyoubeba kutaifishwa.

Yaliyonipata mimi hayakuwa hata ya uongo. Nilinunua vitu kumi na vinne kwenye duka moja, mwenye duka akaniandikia mstari mmoja: "Vipuri vya gari", na jumla chini. Nilikuwa na haraka ya basi, sikusema kitu. Lunga Lunga afisa aliniuliza bushi hizi umenunua kiasi gani, na taa hii je, nikawa natazama dari. Nilikaa siku mbili nikipiga simu dukani nitumiwe karatasi iliyochambuliwa, na mwenye Land Cruiser Malindi ananipigia mimi. Alikuwa na wageni wa kupeleka Tsavo na gari yake iko juu ya mawe. Tangu siku hiyo sitoki dukani kabla sijasoma karatasi mstari kwa mstari.

Basi hakikisha unatoka na hivi: ankara yenye kila kitu na bei yake, jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho pamoja na anwani ya Malindi, risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi ya Tanzania, yenye jumla ileile ya ankara, na uthibitisho wa malipo, kama ujumbe wa simu au karatasi ya benki. Kwa injini, namba ya injini iandikwe kwenye ankara, na uisome mwenyewe kwenye chuma, herufi kwa herufi, kabla hujalipa. Piga picha za namba zote. Kwa kitu cha mtumba, mwombe muuzaji nakala ya karatasi alizoingizia au za gari ilimotoka, upate kujua hukuuziwa cha wizi.

5. Wakala, na karatasi za upande wetu

Kama umebeba kitu kimoja cha gari yako mwenyewe, unaweza kukitangaza kwenye kaunta ya wasafiri, afisa akakikadiria, ukalipa na kwenda zako. Lakini usichanganye: msamaha wa mizigo ya msafiri ni wa vitu vya matumizi binafsi. Shokomzoba nane haziwi za matumizi binafsi kwa kusema hivyo.

Kwa mzigo wa biashara tafuta wakala wa forodha mwenye leseni. Muombe akuonyeshe leseni ya mwaka huu, na umtafute mwenye ofisi unayoweza kuirudia. Atahitaji namba yako ya PIN ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), kitambulisho au pasipoti, orodha, na ankara. Yeye ndiye atakayefungua tamko la uagizaji na kuingiza hati kwenye mfumo wa forodha. Mtumie picha za ankara siku ileile uliyonunua, ukiwa bado Dar. Hati zikitangulia, mzigo haukai. Upande wa Tanzania nako kuna tamko la kutoa nje, la TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania), na mawakala wengi wa Lunga Lunga wana mwenzao Horohoro, upande wa Tanzania, wa kulishughulikia. Mpatane bei ya pande zote mbili kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Wewe mwenyewe beba pasipoti au pasi ya muda ya kusafiria, maana kitambulisho peke yake hakikufikishi Dar. Kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, inaulizwa kwa abiria; nyingine ni ya COMESA, bima ya gari, nayo utaihitaji ukienda na pikapu yako, pamoja na logibuku na kibali cha muda cha gari.

6. Kufunga mzigo

Mwaga oili yote ya injini na giaboksi, ziba matundu kwa plastiki na mpira. Oili ikimwagikia mizigo ya watu kwenye buti, kondakta atakushusha Mkata na atakuwa na haki. Betri isimamishwe wima, vifuniko vikiwa vimekazwa.

Panga vitu kwa mfuatano wa orodha yako. Kifurushi namba 1 kiwe mstari wa 1, na namba uandike kwa wino usiofutika. Afisa akitaka kuona mstari wa 6, unanyoosha mkono tu. Kazi hii ya nusu saa Gerezani imeniokolea masaa mengi mpakani kuliko maneno yoyote matamu. Usifiche kitu kidogo ndani ya kikubwa, kwa mfano beringi ndani ya kopo la klachi, hata kama ni kwa kubana nafasi. Kikionekana, kinasomeka kama umekificha.

Kwenye basi, andika jina lako na simu yako kila kifurushi na uchukue risiti ya mzigo. Usikubali mzigo wako uandikwe pamoja na wa mtu mwingine. Wala usipokee cha mtu "unifikishie tu Mombasa". Kikikutwa na wewe ni chako.

7. Mpakani

Kituo hiki ni cha pamoja, na wengi hupotea hapo. Ukitoka Kenya unapita bila kusimama upande wetu, unamalizia nchi zote mbili Horohoro. Ukirudi, unamalizia zote mbili Lunga Lunga. Maafisa wa Tanzania na wa Kenya wamekaa jengo moja, wa kutoka kwanza, wa kuingia baadaye.

Fika asubuhi. Basi la usiku linalokufikisha saa tisa usiku halikusaidii kitu ikiwa wakala wako amelala. Pita uhamiaji kwanza, halafu nenda kwa forodha na wakala wako. Ukiulizwa una nini, jibu kwa orodha: "Nina mzigo wa biashara, mistari kumi na nne, ankara hii hapa." Kisha nyamaza usubiri swali. Niliwahi kumsikia wakala mmoja, mama wa Kidigo aliyezoea kazi yake, akimwambia mteja wake, "Baba, usimweleze maisha yako, mpe karatasi." Nimelishika neno lile.

Hati ikikubaliwa, mfumo unatoa karatasi ya malipo yenye namba yake. Malipo yanakwenda kwa namba hiyo, benki au kwa simu. Usimpe mtu yeyote fedha za ushuru mkononi, hata wakala, bila kuiona karatasi hiyo na jina lako juu yake. Baada ya malipo kuna ukaguzi wa mzigo kama umechaguliwa, halafu idhini ya kuuachilia. Omba nakala ya hati ya forodha, ya malipo na ya idhini, zote tatu. Wakala wengine hukaa nazo, ni zako.

8. Mkitofautiana kuhusu thamani

Ikiwa afisa amepandisha thamani na wewe una ankara ya kweli, uliza kwa utulivu ni kwa njia gani ameipata, na umwombe akuandikie. Onyesha uthibitisho wa malipo. Onyesha hali ya kitu: giaboksi yenye ufa si sawa na nzima, na hapo picha zako za dukani zinafanya kazi. Mara nyingi mambo huisha hivyo.

Yasipoisha, sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inakupa siku 30 tangu uamuzi kuandika ombi kwa kamishna aupitie upya, naye ana siku 30 za kukujibu. Baada yake kuna baraza la rufaa za kodi. Kwa mzigo mdogo watu wengi hulipa wakaondoka, na siwalaumu. Kwa injini tatu, andika.

Usiuache mzigo ukidhani utarudi ukijaaliwa. Ukishawekwa kwenye ghala la forodha, siku 30 zikipita unaweza kutangazwa, na siku 30 nyingine zikipita bila wewe unahesabiwa umetelekezwa, unakwenda mnadani.

9. Kutoka Lunga Lunga hadi nyumbani

Karatasi zisikae ndani ya mzigo. Ziweke mfukoni, kwa sababu kuna vizuizi njiani, na askari anayeona injini nyuma ya pikapu lazima aulize. Ukiwa na gari yako, barabara ya Dongo Kundu sasa inakuepusha na foleni ya feri ya Likoni. Ukipanda matatu, jiandae kubadilisha Mombasa na kulipia mzigo mara ya pili.

Ukiuza spea, mteja apate risiti yako na wewe ubaki na hati za forodha. Kama umesajiliwa kwa VAT, ile uliyolipa mpakani unaweza kuidai ndani ya miezi 6.

Injini ina jambo lake. Ukiifunga kwenye gari ya mtu, namba ya injini kwenye logibuku haitalingana tena na chuma, na lazima ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya inayosajili magari, ambako watataka kuona injini ilitoka wapi. Hati ya forodha yenye namba ileile ndiyo jibu. Mpe mwenye gari nakala siku unayomkabidhi ufunguo, na umwambie aende NTSA wiki hiyohiyo, kabla hajakamatwa Mtwapa au hajapata mnunuzi. Nakala yako uitie kwenye faili la gari hiyo, na picha ya namba uliyopiga Gerezani uibane nyuma yake kwa pini.